Raheli Amechoma Vyungu

Jumamosi, upepo mkali tangu alfajiri

Leo upepo wa hapa Ulemo umepeperusha shuka langu mpaka kwa jirani, lakini nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Acha niiweke kwenye daftari hili la kisomo cha watu wazima.

Binti yangu Raheli amechoma vyungu!

Kina mama wafinyanzi wa kijiji chetu cha ujamaa huchomea chini, peupe, kwa kuni na samadi. Majira ya upepo kama haya vingi hupasuka. Raheli akaomba udongo wa kikundi afinyange vyungu, avichome kwenye tanuri dogo la matofali la kukinga upepo. Wakampa kwa sharti moja: vikipasuka, anarudi kwenye jembe, na udongo hashiki tena.

Nani alitangaza watu waje kushuhudia? Mimi. Nakiri. Nilitangaza mpaka kisimani.

Asubuhi wakajaa. Moto ulizimika tangu jana, lakini Raheli akasema bado, tusubiri. Jua likapanda. Mama Tabu, mkubwa wa wafinyanzi, akaguna, "Mama Raheli, umetuita kuona vyungu au kuona matofali?"

Wakacheka. Kwa aibu nikaenda kubandua kigae kimoja kati ya vilivyofunika tanuri, nichungulie tu.

Mwanangu akanipiga mkono. Mbele za watu!

"Mama, acha! Baridi ikiingia sasa vyote vinapasuka!"

Mimi niliyemzaa! Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Halafu nikaona macho yake yamejaa machozi. Nikakaa chini, nikanyamaza. Jambo hilo halijawahi kutokea, muulizeni baba yake.

Saa nane akafungua, kigae baada ya kigae. Vyungu kumi na viwili. Mama Tabu akavigonga kimoja kimoja kwa kidole, ametega sikio. Kizima hulia kama kengele, chenye ufa hukohoa.

Vikalia! Kimoja tu kilikohoa, na hicho nilikifinyanga mimi, nikidhani namsaidia.

Mama Tabu akafuta mikono kwenye kanga yake. "Raheli mwanangu, Jumatatu uje mapema, utuonyeshe hayo matofali unayapangaje."

Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Kesho kanisani nitakaa benchi la mbele, kimya. Sitamwambia mtu, ila wakiniuliza.

Na wasiponiuliza je?