R Iliyogoma Kufutika

Mama yangu wa Ntobeye,

Shikamoo. Konsolata, mdogo wangu, wewe unayesoma, mkalishe mama chini kwanza, halafu usome polepole wala usiruke neno. Mama, ni mimi, Petro wako. Mimi ni mzima. Si mzimu, na barua hii haikuchelewa njiani. Vidole vyangu vyote kumi ninavyo, na mguu unaoniuma ni ule ule niliouvunja kwa kuanguka mparachichini. Wewe hujambo? Kifua kimepoa? Kichwa nimesikia umekinyoa kwa ajili yangu.

Nimeambiwa na binamu Yohana. Amefika juzi huku Uganda pamoja na mgambo wa Ngara, akanikuta nakula ugali, akadondosha bunduki. Akasema, "Petro, wewe tumekuzika."

"Mmezika nini?"

"Mgomba."

Ndipo akanieleza jinsi karatasi ya kifo changu ilivyofika kwa balozi wa nyumba kumi, wewe ulivyoanguka uani, na mlivyouvisha mgomba shati langu la Krismasi mkaufukia badala ya mwili wangu. Nisamehe, mama. Kosa lile si la serikali. Ni langu, na limetoka kwenye mkono uliofundishwa na wewe.

Kwenye kombania yetu tulikuwa wawili wenye majina karibu sawa. Mimi Petro Rubaka, na mwenzangu Paulo Lubaka, Mzinza wa Biharamulo, ambaye mama yake anauza mihogo sokoni. Unajua midomo yetu sisi Wahangaza, L na R tunazilaza kitanda kimoja. Akiitwa yeye, naitika mimi. Alikuwa akinitania, "Mimi ni L ya lala salama, wewe ni R ya risasi." Tulikaa handaki moja na kula sufuria moja. Nilimpenda yule mtu.

Mwanzoni majina ya makaburini tuliyaandika kwa mkaa, kwenye mbao za masanduku ya risasi. Ikinyesha mvua moja tu, kaburi linabaki halina mwenyewe. Iliniudhi sana. Nikakumbuka kuta zako, ile mistari ya samadi unayoipaka rangi nyeusi. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa wakabomoa nyumba ya zamani, udongo ulipasuka vipande vipande lakini weusi wako haukutoka. Basi nikaomba ruhusa kwa afande. Nikakanda samadi ya ndama na majivu, nikaiinua juu ya ubao kwa vidole, herufi moja moja, kama unavyoinua mistari yako. Ilipokauka nikaipaka ule weusi: majivu ya maganda ya ndizi, utomvu wa shubiri, na maji ya matunda ya mtobotobo yaliyochemshwa yakawa mazito. Wenzangu walinicheka, eti watu wanashika bunduki, Rubaka anashika mavi. Mvua zikapita, majina yakabaki. Wakaacha kucheka, na wengine wakaanza kuniagiza, "Mimi uje uniandike vizuri."

Siku yenyewe tulikuwa tunapita katikati ya shamba la ndizi. Askari wa nduli walijificha nyuma ya nyumba ya bati. Rashasha yao ilikata migomba na watu pamoja. Lubaka alikuwa hatua tatu mbele yangu. Risasi zilimpasua tumbo. Alikaa chini, akashika matumbo yake kwa mikono miwili, akaniambia kwa utaratibu kabisa, "Rubaka, nisaidie kuyarudisha." Nikayashika. Yalikuwa ya moto. Alifia mikononi mwangu nikiwa bado nayarudisha.

Tulipoiteka ile nyumba, nilimkuta askari wao mmoja amelala ukutani, amevunjika paja, ameinua mikono. Sikumwacha. Nilimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka uso ukapotea, mpaka afande akanivuta kwa mkanda. Nakuambia wewe kwanza. Padri nitamwambia siku yake ikifika.

Jioni ile nikaandika ubao wa Lubaka, damu yake ikiwa bado kwenye kucha zangu. Akili haikuwepo. Mkono ukaandika jina ulilolizoea: P. RUBAKA. Mimi nilikuwa naangalia weusi tu, kama umekolea. Karani akapita, akanakili majina kutoka kwenye mbao, akayapeleka.

Yohana aliponisimulia, nilikimbilia kaburini na singe. Nikakwangua. Mama, rangi yako haitoki. Tumbo la R nilibandua, na mguu wake pia, nikaongeza mstari wa chini, lakini alama imebaki. Nilikwangua huku nalia na kutukana.

Afande ameandika karatasi nyingine, ila karatasi zina mwendo wake. Mama yake Lubaka bado anajua mwanawe yu hai. Paulo aliniambia kila Jumamosi huacha mihogo yake akaenda kusimama mabasi yanaposhusha watu. Barua hii inaletwa na dereva wa lori anayepita hapo hapo Biharamulo, lakini sikumtuma kwake. Habari hii si ya dereva.

Nenda wewe. Najua unataka kupiga vigelegele. Vigelegele visubiri. Panda basi umtafute sokoni, ukae naye. Uchungu huo umeshaujua, tena umeujua bure. Mwambie hakufa peke yake. Ya matumbo usimwambie, na Konsolata naye afunge mdomo. Kisha mlete nyumbani. Mgomba ule msiufukue, kuanzia leo ni wake.

Simika ubao juu yake, umwandikie L. Hujui kusoma, lakini hiyo unaijua: ni ile kona unayoanzia ukutani, mstari mmoja umesimama, mwingine umelala. Weusi uweke wa kutosha.

Bibi mpe shikamoo yangu, umwambie mjukuu wake bado anakula sana. Baba mdogo aliyeuvisha mgomba shati langu, mwambie lilikuwa bado zuri, lakini sasa liacheni kwa mwenyewe. Mjomba wa Nyakisasa aambiwe asinywe pombe ya matanga mara mbili.

Mimi mwanao mwenye R,
Petro