Somo la Nyani, Musonoi

Jumatatu, 1 Machi
Mgodi wa Mashamba: pampu imekufa tena, shimo linajaa maji. Aya nne za gazeti. Kisha Musonoi, shule ya sekondari. Wazazi hawataki watoto wafundishwe kwamba mtu na nyani wana babu mmoja, nkambo mmoja. Wanataka Mwanzo, siku sita. Mwalimu wa biolojia ni Kalala, miaka kumi na tisa mbele ya ubao. Anasema programu ya serikali inadai somo hilo, na mtihani wa taifa wa mwezi wa sita utaliuliza. Anataka kulifikisha darasa la sita, la mwisho, hapo. Basi. Nimempenda. Haihusiki.

Jumatano, 3 Machi
Mkutano wa wazazi. Wengine madirishani. Mama Feza, muuza samaki wakavu, binti yake yuko la sita:
"Mwalimu, nkambo yako njo alikuwa nyani. Yangu mi, Mungu alimuumba."
Kicheko. Kalala hakuinuka hata kitini.
"Mama, mi nilisema nkambo ya batu bote. Kama hautaki, tutakutoa mu famille."
Kicheko kikubwa zaidi. Mama Feza naye alicheka. Mchungaji wa kanisa la mtaani akasoma Mwanzo: kila kiumbe kwa aina yake. Kalala, mwimba kwaya ya parokia, akajibu kwamba anaamini hivyo, anafundisha hivi, na Mungu hajamlalamikia. Ikapigwa kura, aondoke au abaki. Mikono ikainuliwa. Wengi: abaki hadi mtihani.

Alhamisi, 4 Machi
Gazeti letu lina kanuni: jina, kazi, asili. Kalala ni jina la Waluba wa Katanga na la Waluba wa Kasai pia. Nikarudi kumuuliza ni wa wapi.
"Lazima, tata?" aliuliza; tata ni baba, kwa heshima.
Nikasema ni kanuni. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye amezaliwa hapa hapa Musonoi. Majirani wote wanamdhani mtu wa kaskazini mwa Katanga. Mwezi mbaya wa kuuliza: hapa Katanga Wakasai wanafukuzwa makazini, sasa na majumbani. Nilijua. Nimeandika yote mawili, asili na alikozaliwa.

Jumamosi, 6 Machi
Gazeti limebandikwa ukutani sokoni. Wamesoma neno moja.

Jumapili, 7 Machi
Mchungaji yuleyule. Kila aina kwa aina yake, na kila aina katika nchi yake. Nyani hakutajwa. Hakuhitajika.

Jumatatu, 8 Machi
Vijana wenye fimbo nyumbani kwa Kalala, saa nne asubuhi. Walitoa godoro, cherehani ya mkewe, mwisho mlango wenyewe. Kalala alipigwa mbele ya wanafunzi wake. Baadhi yao walipiga. Mama Feza aliondoka na masufuria, moja ndani ya jingine.
"Alitudanganya, tata. Mutu wa Kasai, anatufundisha siye tulitokea wapi?"
Nilitambua watu kumi na wanne walioinua mkono Jumatano ili abaki. Walikuwa wanang'oa mabati. Nimeandika majina yao. Mhariri hayataki.

Alhamisi, 18 Machi
Kituo cha treni. Familia za Wakasai zimelala kando ya reli, zinasubiri mabehewa ya kwenda Kasai. Kuhara. Leo wamezika watoto wawili nyuma ya bohari. Mke wa Kalala alinigeuzia mgongo. Nilitaka kumwomba Kalala radhi. Badala yake nikamuuliza kama kuna kosa katika habari yangu.
"Hapana, tata. Hakuna hata moja."
Kisha akauliza nani amechukua la sita. Hakuna mtu, nikamwambia. Alikuwa amestahimili fimbo na makaburi ya bohari. Hili hakulistahimili.

Ijumaa, 19 Machi
Treni imeondoka. Sikwenda kituoni.

Jumanne, 27 Aprili
Musonoi, shuleni. Darasa la sita bado halina mwalimu wa biolojia. Ubao haujafutwa: mchoro wa mwisho wa Kalala, matawi, samaki, mjusi, ndege, nyani, mtu. Chini ya tawi la nyani mtu ameongeza tawi jingine kwa chaki na kuandika bilulu, wadudu, tusi wanalotukanwa Wakasai. Wanafunzi walikuwa wananakili. Binti ya Mama Feza yuko mstari wa mbele. Daftari safi, mistari ya rula. Amenakili yote, na tawi lile, na neno lile.
Nikamwonyesha neno hilo kwa kalamu.
"Niache, tata," alisema. "Inaweza kutoka ku examen."