Nilitengeneza Gari kwa Mikono Yangu, Wakaliharibu, Sasa Wanataka Nipige Magoti

Mama Mwanne, nakuandikia kwa hasira, nisaidie kabla sijatamka neno ambalo sitaweza kulirudisha mdomoni. Mimi ni mwalimu wa lise, yaani sekondari, naishi Kibenga na mume wangu Hugues, na tuna gari la haibridi, lile la bateri na mafuta kwa pamoja, tulilolichagua kwa sababu taabu ya mafuta hapa Bujumbura unaijua mwenyewe, na gari hilo ndilo linalobeba ukoo wote wa mume wangu, hospitali, kanisani, misibani, kote.

Mwaka huu likaanza kuwasha taa nyekundu na kuishiwa nguvu kila likipata joto, na mdogo wake Hugues, anaitwa Bonfils, anaendesha teksi na kwa hiyo kwenye familia ndiye fundi, akalizunguka bila hata kufungua kapo, kile kifuniko cha injini, akasema, "Bateri kubwa imekufa. Muuzishe tu gari hii." Mimi sikukubali. Nikasoma kitabu cha gari, nikatazama video za Wafaransa mpaka macho yakauma, nikaelewa kwamba gari hili lina njia mbili za maji ya kupozea, moja ya injini, nyingine ya kile kisanduku cha umeme kati ya bateri na mota, na kila moja ina tangi lake. Asubuhi, likiwa bado baridi, nikaliwasha, nikafungua tangi la kile kisanduku nikachungulia, na maji yalikuwa yametulia tuli wakati yalitakiwa yazunguke. Nikapima fyuzi, nzima. Nikapima waya unaoingia kwenye pampu, umeme unafika, pampu kimya. Kumbe mgonjwa ni pampu, bateri haina kosa. Nikatafuta nyingine, nikaifunga mwenyewe uani, gari limezimwa, limepoa, bateri ndogo nimeichomoa, na zile nyaya nene za rangi ya chungwa sikuzigusa kwa sababu umeme wake unaua. Nikajaza maji ya pinki yanayotakiwa, nikatoa hewa mpaka mapovu yakaisha, na yale maji yakaanza kuzunguka, Mama Mwanne, nikasimama pale nacheka peke yangu. Taa haikuwaka tena. Hugues akawaambia watu wa kanisa, "Tumelitengeneza." Nikanyamaza.

Kisha dada yake mama mkwe akafariki, kule Gatumba. Siku ya mazishi mimi nilikuwa nasimamia mitihani, Hugues akaenda na mama yake, mama Concilie. Walipovuka daraja la Rusizi taa ikawaka, gari likazima katikati ya malori. Mama miguu yake imevimba, hawezi kutembea, na magari madogo yaliyopita yalikuwa machache na yamejaa. Walipofika, udongo ulikuwa umeshafukiwa. Mama hakuona uso wa dada yake.

Jioni nilipofika msibani, mbele ya waombolezaji wote, Bonfils akasema, "Munaona? Mwanamuke anachokoza moteri, sasa mama hakuzika dada yake." Na mama akasema polepole, "Mukazana wangu, huyu muke wa Hugues, ndiye alinizuia kumuaga dada yangu." Hugues alikuwa amekaa hapo hapo. Alitazama viatu vyake.

Gari lilipovutwa hadi nyumbani nikafungua lile tangi. Maji meupe, si yale ya pinki, na mapovu matupu: hewa ilikuwa imeingia, na penye hewa maji hayazunguki. Nikamuuliza Hugues, akazungukazunguka, halafu akasema, "Bonfils alikosa maji ya radieta ya teksi yake. Nilimuachia atoe ya yetu, akatia ya robine, ya bomba tu. Maji si maji? Mi sikujua." Nikamwambia basi nenda ukamwambie mama. Akasema, "Apana. Mama akijua ni Bonfils, atamulaani, na ako katika kilio. We una moyo mukubwa, Orlane. Omba tu msamaha, inaisha."

Jumapili familia inakutana kuondoa kilio, kumaliza matanga, na wamepanga nipige magoti mbele ya wote. Mama mkwe nampenda, alinilelea watoto wangu, na sasa hata chai nikimpelekea haigusi. Je, nipige magoti ili nyumba itulie? Nikikataa nitaonekana sina huruma na mfiwa. Nikikubali nahisi nitamchukia Hugues maisha yangu yote.

Orlane, Kibenga

MAMA MWANNE ANAJIBU

Orlane, usipige magoti.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa kukaa. Hugues hamlindi mama yake. Anajilinda yeye, kwa sababu aliyetoa ruhusa ni yeye, na ameona ni rahisi zaidi wewe ubebe lawama. Huo moyo mkubwa anaousifu anautaka uwe mkubwa ili afiche humo uoga wake. Na Bonfils anajua alichokifanya. Mtu aliyechota maji kwenye gari la kaka yake kisha akasimama msibani kumnyooshea kidole mke wa kaka yake, huyo si fundi na wala si shemeji.

Lakini na wewe nikukaripie kidogo. Mume wako aliposema "tumelitengeneza", ulinyamaza kwa nini? Hapo ndipo walipojifunza kwamba kazi yako ikifaulu ni ya wote, na ikiharibika ni yako. Umeweza kuliambia gari mahali ugonjwa ulipo, unashindwa kumwambia mume?

Sasa sikiliza. Usingoje Jumapili, na usiende kugombana mbele ya wafiwa. Nenda kwa mama kabla ya hapo, Hugues akiwa pembeni yako, na yeye ndiye aseme. Akishikwa na kigugumizi, sema wewe, yeye akisikia. Anza na pole, mpe pole ya dada yake kwa moyo wako wote, kwa maana pole anakudai, msamaha hakudai. Kisha eleza kwa maneno machache: maji yalitolewa, nani aliyatoa, nani aliruhusu. Usiongeze tusi. Mama akitaka kulaani, ni mwanawe, watamalizana. Mwanamke mzima aliyefiwa ana haki ya kujua kwa nini hakumzika dada yake. Kumficha ukweli wakati wa kilio ni kumfanya mtoto.

Gari usiliwashe bado. Toa maji ya robine yote, safisha njia, jaza yale yanayotakiwa, toa hewa tena kama ulivyofanya, na utazame kama pampu imesalimika, maana imezunguka na hewa badala ya maji. Ikizunguka na taa bado inawaka, acha hapo. Kile kisanduku huenda kimeungua, na hapo ni mahali pa fundi mwenye mashine ya kupimia na glavu za umeme. Ushupavu wako usikuue. Gharama yake wadai wale ndugu wawili, na usione haya.

Wakikufukuza Jumapili kwa kusema kweli, rudi nyumbani na kichwa chako juu. Sidhani watakufukuza.

Na siku gari likipona, mpeleke mama kaburini. Hugues aendeshe, wewe kaa nyuma naye. Asipotaka kuzungumza njiani, usimzungumzishe. Mshike tu mkono.