Picha Isiyo na Mawingu

Shoga, unajua mwanangu amenidanganya mwaka mzima?

Ile nyumba aliyonijengea marehemu mume wangu kule kijijini, kila nikiomba kuiona kwenye picha za setilaiti, anafungua moja na kusema, "Mawingu tena, Mama."

Leo mjukuu kanikalisha mbele ya kompyuta. "Bibi, si unachagua tu tarehe isiyo na mawingu!" Akabofya.

Mwaka juzi, bati linang'aa. Mwaka jana, udongo mtupu. Mtupu, shoga! Hata mlimao wangu haupo.

Mwanangu akaingia, akaona, akanywea. "Niliibomoa, Mama. Niliogopa nikikuuliza ungekataa."

Eti ningekataa! Na ufunguo bado nimeuvaa shingoni.

Nikamwambia, "Ningekubali, baba. Nilitaka kuulizwa tu."