Panya Waliopimiwa Chakula

Jumatatu, 3 Machi
Tumeanza. Panya wanene, makundi matatu. Wote wamezaliwa bila homoni ya shibe, ile inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo: basi, yatosha. Kundi la kwanza wanachomwa sindano ya homoni hiyo. La pili maji ya chumvi tu. La tatu maji ya chumvi pia, ila nawapimia chakula: gramu zilezile wanazokula wa kwanza, si punje zaidi.
Daktari anayeongoza utafiti kanipa mimi mzani. Eti nina mkono wa haki. Nina uzoefu! Nyumbani nampimia mdogo wangu tangu mwaka jana. Vijiko vinne vya wali, basi. Kwa faida yake, apungue.

Jumapili, 9 Machi
Shangazi kaja na wanawe. Mdogo wangu akapakua kijiko cha tano. Nikamnyang'anya sahani mbele ya wote. “Mdomo wako haujui likizo!” Wakacheka. Naye akacheka, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo havijachafuka.

Ijumaa, 14 Machi
Panya wa sindano wamepungua. Wanakimbia, miili ina joto. Kundi la tatu — chakula kilekile! — bado wanene. Nikapima tena. Nikabadilisha mzani. Vilevile.
Daktari hakushangaa. Homoni haizuii mdomo tu, alisema. Ndiyo inayouambia mwili uchome kiasi gani. Isipokuwepo, mwili unabana matumizi, hata joto unajinyima. Nikauliza, na watu je? Akasema wanaoikosa kabisa ni wachache mno. Wanene wengi wanayo tele, ila ubongo hauisikii vizuri. Binadamu si panya, nisikimbilie. “Lakini anayesema ni ulafi tu, huyo hajui kitu.”
Huyo. Nikainamisha kichwa kama nasoma namba.
Mmoja wa kundi la tatu alikuwa kajikunyata pembeni, mwili baridi, analamba chombo kitupu. Mnene. Na ana njaa. Mwaka mzima nimekaa meza moja na njaa, naiita uroho.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemwambia. Alikuwa anakunja nguo. Nikaanza mbali — homoni, ubongo, gramu. Akaniacha nimalize, anakunja tu.
“Kwa hiyo panya wamekwambia?”
Nikasema ndiyo, utafiti unaonyesha...
“Mimi nilikwambia, kaka. Nilikwambia nalala na njaa. Ukasema naongea kama mtoto.”
Kweli. Nakumbuka hadi shati nililovaa. Sikuuliza hata swali moja. Panya hawajasema neno, nao nimewaamini siku ileile!
Nikasema nisamehe. Akamaliza nguo, tukaenda mezani. Nikampakulia mwenyewe, sahani ikajaa. Akaitazama, akanisogezea kijiko.
“Haya. Niambie sasa niishie wapi.”
Nimekuja chumbani nikisingizia kalamu. Kalamu ninayo, naandika nayo. Wali unapoa. Namsikia kule mezani, hajagusa, anangoja niseme “basi”.