Fasi ya Mukubwa

Ganshoren, jumapili

Yaya Marie-Claire, dada yangu mukubwa,

Hapa kwa Babelji tuko salama, mutoto yangu Jémima ameshaanza kutembea. Nimesikia kama maman anakuomba umutengenezee chumba kule Bukavu. Bon, usimuulize sababu. Ni juu yangu.

Ku Japon tulienda, mimi na maman, na kikundi cha Babelji, batu tusiowajua. Siku moya banatupeleka mu quartier, mutaa ya zamani ya basamurai, ile banachunga vile ilikuwaka, na kuta za udongo na kimya kama ya kanisa. Mu nyumba moya tukavua viatu, tukaikala chini. Maman, na magoti yake yenye kuuma, akaona pembeni fasi yenye kuinuka kidogo, yenye maua na picha. Kwetu fasi kama ile ni ya mukubwa. Akaikala pale, akanyoosha miguu.

Kumbe ni fasi yao ya heshima, hakuna muntu anaikalaka pale. Muzee mwenye nyumba akainamisha kichwa. Bote banatuangalia. Madame moya wa kikundi akaniuliza mu français: "Ni maman yako?"

Nikajibu: "Hapana, ni jirani tu."

Nilisahau kama maman anasikia français.

Alisimama yeye peke, akavaa viatu, akakataa mukono yangu. Mu barabara nikamuita: "Maman." Akasema polepole: "Niite jirani, batu banasikia."

Alors, tangu tulirudia hapa, kila asubuhi ananisalimia vizuri sana, vile banasalimiaka jirani.

Mudogo yako,
Ornella