Wimbo Uliosimamisha Nyundo

Dada Neema,

Shikamoo, nakuandikia toka Mikindani. Kwenye ukumbi mmoja nimeona bango la waimbaji wa gitaa watakaoimba mwezi huu, nikaingia kuuliza wanachaguliwaje. Mwenye ukumbi akanipeleka uani, ambako akina mama walikuwa wakibangua korosho kwa nyundo.

"Kila mwimbaji anawaimbia hawa kwanza. Nyundo zikisimama, namwandika."

Jamaa mmoja akaimba vizuri tu, nyundo zikaendelea. Nikajaribu ule wimbo wako wa jikoni, uliotunga mwenyewe. Zikanyamaza zote. Bibi mmoja akaniuliza, "Huo wa nani?"

Nikamwambia wa dada yangu, anayaimbia masufuria huko Dodoma.

Jumamosi ya mwisho kwenye bango haijapata mtu. Wabusu watoto, uje. Masufuria yatakusubiri.

Mdogo wako,
Elia